Kuchapa fulana kwa skrini: kazi yote, kutoka fremu hadi fulana iliyofuliwa

Mteja anachokiona katika uchapaji wa skrini ni sekunde chache tu: fundi anavuta kipande cha mpira chenye mshikio juu ya fremu, anainua, nembo imekaa kifuani pa fulana. Ndiyo maana huuliza, "Fundi, fulana hamsini si kazi ya saa moja?" Kuvuta kwenyewe, ndiyo, ni kazi ya saa moja au mbili. Kinachokula muda ni kuandaa skrini kabla na kuivisha wino baada. Fulana nyingi zinazorudi zikiwa zimebanduka au kufifia ziliharibikia huko, kabla au baada ya mkono uliovuta. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye skrini na kwenye joto, na sehemu ya kuvuta nitaipita haraka.

Tuchukue kazi ya kawaida: fulana za pamba, nembo ya rangi moja au mbili yenye ukubwa wa karatasi ya A4, kwa ajili ya kikundi, shule au shughuli ya familia.

Kinachotokea ndani ya skrini

Skrini ni wavu mwembamba uliokazwa kwenye fremu. Sehemu za wavu zisizotakiwa kupitisha wino huzibwa, zinazotakiwa huachwa wazi. Ukisukuma wino kwa mpira, unapenya palipo wazi na kukaa kwenye kitambaa. Kila rangi inahitaji skrini yake.

Ukitaka kuielewa kanuni hii, tandika kanga mbele yako. Zamani kanga zilichapwa kwa vibao vya mti vilivyochongwa. Viwandani sasa rangi husukumwa kupitia skrini bapa, au silinda za nikeli zenye vitundu vidogo ambazo rangi hutokea ndani yake kitambaa kikipita chini. Kanga nyekundu na nyeusi kwenye kitambaa cheupe imepita chini ya skrini mbili, kwa kuwa weupe ni kitambaa chenyewe. Na ukiona kijistari cheupe pembeni mwa ua, pale ambapo nyeusi ilipaswa kugusana na nyekundu, hapo skrini hazikulingana. Tatizo hilohilo litakufuata kwenye fulana ya rangi mbili.

Samuel Simon wa Manchester alipata hati miliki ya njia hii mwaka 1907, wavu wake ukiwa wa hariri. Siku hizi wavu ni wa poliesta, ambayo hailegei sana ikilowa na huvumilia dawa za kusafishia zinazoila hariri.

Fremu na meshi

Wavu huo madukani huitwa meshi, na hupimwa kwa idadi ya nyuzi katika sentimita moja. Namba ndogo ina matundu makubwa na hupitisha wino mwingi. Kwa fulana anza na 43, ambayo wauzaji wanaohesabu kwa inchi huiita 110. Inafaa kwa maandishi manene, nembo za kawaida, na wino mweupe juu ya nguo nyeusi. Ukiwa na mistari myembamba au maandishi madogo, panda hadi 77. Namba 120 iache kwa picha za vidoti, na usiinunue mwaka wa kwanza hata kama muuzaji anaisifia.

Fremu ya mbao inatosha kuanzia, ilimradi mbao ziwe zimekauka sawasawa. Mbao mbichi itapinda ukishaiosha mara kadhaa, na fremu iliyopinda haichapi vizuri hata ufanye nini. Kwa mchoro wa A4, nafasi ya ndani ya fremu iwe kama sentimita 40 kwa 50, ili pande zote za mchoro ubaki na sehemu ya kuweka wino na kupumzishia mpira. Paka mbao vanishi kabla ya kuweka meshi, maana fremu hii itaishi kwenye maji.

Unapokaza meshi, anza kupiga pini za stepla katikati ya upande mmoja, kisha katikati ya upande wa pili ukivuta, kisha pande zilizobaki, halafu sogea taratibu kuelekea kwenye kona. Ukianzia kona, meshi itavutika mshazari. Ikikazwa vizuri, ukiigonga kwa kidole inalia kama ngoma. Meshi iliyolegea huvutwa na mpira, na mchoro unatoka na kivuli pembeni. Ukiweza kununua fremu ya alumini iliyokwisha kuvalishwa meshi kwa mashine, nunua. Hiyo ni pesa isiyopotea.

Meshi mpya ina mafuta ya kiwandani. Ioshe pande zote mbili kwa sabuni ya vyombo na brashi laini, isuuze hadi maji yatande sawasawa bila kuacha matone, iache ikauke. Wengi huruka hatua hii, kisha wanashangaa dawa ya kuzibia meshi, tutakayoipaka sasa hivi, inapotoboka vitundu.

Kupaka emulsheni

Emulsheni ni dawa nzito yenye rangi inayogeuka ngumu ikipigwa na mwanga, na isiyopigwa na mwanga huyeyuka kwenye maji. Mchezo wote uko hapo.

Kwa anayeanza, chukua emulsheni ya diazo. Huuzwa ikiwa na kichupa kidogo cha unga unaochanganywa na maji na kumiminwa ndani ya kopo. Koroga polepole, kisha iache saa kadhaa mapovu yapande na kupasuka. Diazo haina haraka kwenye mwanga, kwa hiyo inasamehe makosa ya muda. Aina za kisasa zisizohitaji kuchanganywa huiva kwa sekunde tu, na kwa mtu anayechoma skrini kwa jua, yaani anayeivisha dawa kwa mwanga wa jua, sekunde hizo ni ngumu kuzidhibiti.

Kuna karakana zinazotengeneza dawa yao wenyewe kwa gundi nyeupe ya mbao na bikromati, ile chumvi ya rangi ya machungwa. Inafanya kazi na ni rahisi. Pia bikromati ni sumu, inachoma ngozi na mapafu, na inajulikana kusababisha saratani. Nimewaona vijana wakiikoroga kwa mkono mtupu. Tofauti ya bei haifai hatari hiyo.

Paka dawa kwenye chumba kisicho na mwanga wa jua wala taa nyeupe. Balbu ya njano haina shida. Tumia kile kijiko kirefu cha alumini cha kupakia, au kipande cha plastiki ngumu chenye ukingo ulionyooka. Simamisha skrini, jaza kijiko, kilalie meshi, kipandishe kwa mwendo mmoja usiokatika. Anza na upande utakaogusa nguo, malizia na upande wa wino. Mpangilio huu husukuma dawa ikae zaidi upande wa nguo, ambako ndiko unakoihitaji. Tabaka moja kila upande linatosha. Anayepaka nene akidhani skrini itadumu zaidi ataipata ikiwa imeiva nje na mbichi ndani.

Ilaze ikauke gizani, upande wa nguo ukiangalia chini, juu ya vigingi vidogo ili isiguse kitu. Wakazi wa pwani wawe waangalifu hapa. Dar es Salaam, Mombasa au Unguja hewa ina unyevu mwingi kiasi kwamba skrini inaweza kuonekana kavu kwa kidole huku ndani ina maji, na emulsheni yenye maji haiivi vizuri hata uichome kwa muda gani. Weka feni, na iache usiku kucha kama unaweza. Nairobi mwezi wa Julai tatizo ni baridi, na dawa yake ni ileile, feni na subira. Usiiweke karibu na moto ukiharakisha, maana joto kali nalo huanza kuigandisha.

Kuchoma skrini

Mchoro wako unahitaji kuwa mweusi tii kwenye karatasi inayopitisha mwanga. Filamu angavu ya printa ndiyo bora, na karatasi ya kunakilia ramani itafaa kwa michoro minene. Inua filamu juu ya taa: ukiona mwanga unapenya kwenye weusi, chapa nakala mbili uzibandike moja juu ya nyingine. Mstari mwembamba kuliko nusu milimita usiuamini kwenye meshi ya 43.

Fanya mpangilio huu gizani. Chini kabisa weka ubao, juu yake sponji au mto mdogo uliofunikwa kitambaa cheusi, juu ya huo laza skrini ili sponji iingie ndani ya fremu na kusukuma meshi kwa juu. Upande wa nguo uwe juu. Weka filamu ile sura yenye wino wa printa ikigusa meshi. Maandishi yataonekana kinyume ukiyatazama kutoka hapo, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu ukigeuza skrini upande wa wino yatasomeka sawa. Kandamiza kwa kioo safi. Kama filamu haijakandamizwa barabara, mwanga utapita pembeni na kula ncha za herufi.

Muda wa kuchoma hauwezi kuchukuliwa kwa mtu mwingine. Unategemea dawa, unene wake, rangi ya meshi na taa au jua lako. Tenga skrini moja ya majaribio. Weka filamu ndefu yenye maandishi yanayojirudia, funika kwa kadibodi, toa nje yote ikiwa imefunikwa kitambaa cheusi, kisha vuta kadibodi hatua kwa hatua, kila hatua sekunde 30. Mwisho utakuwa na vipande vilivyochomwa kwa nyakati tofauti kwenye skrini moja. Jaribu saa sita mchana siku isiyo na mawingu, na ukipata muda wako uandike ukutani. Jua la saa tisa ni jua lingine, na jua la mawingu halina kipimo. Atakayefanya kazi kila wiki bora anunue taa ya mwanga wa zambarau wa LED, kwani hiyo haibadiliki asubuhi wala jioni.

Rudisha skrini ndani, ilowanishe pande zote mbili kwa maji ya kawaida, subiri dakika moja au mbili, kisha nyunyizia maji yenye nguvu kiasi upande wa nguo. Mchoro utaanza kufunguka. Hapo soma skrini yako. Kama dawa inateleza na kutoka hata pale inapotakiwa kubaki, haikuiva: ongeza muda au ukaushe zaidi. Kama mchoro hautaki kufunguka hata ukisugua, imeiva kupita kiasi, au weusi wa filamu yako ulikuwa hafifu. Kama ncha za herufi zina meno, tatizo ni kioo. Nyingine zote ni tofauti ndogondogo za hizo tatu.

Ikishafunguka, ikaushe na uirudishe juani bila filamu kwa dakika kadhaa ili ikomae kabisa. Inua kwenye mwanga utafute vitundu vya bahati mbaya, uvizibe kwa tone la emulsheni au utepe. Ziba pia pembeni zote za fremu kwa utepe wa kufungia maboksi, ili wino usivujie kwenye fulana ya watu.

Wino gani

Wino wa maji huingia ndani ya nyuzi, unaachia nguo laini, unaoshwa kwa maji. Unafaa fulana nyeupe na za rangi za kupauka. Ubaya wake ni kukauka ndani ya meshi. Dodoma wakati wa kiangazi, ukisimama kupokea simu, ukirudi matundu madogo yameshaziba.

Plastisoli ni wino wa plastiki. Haukauki kamwe bila joto, unaweza kuuacha kwenye skrini ukaenda kula. Unakaa juu ya nguo, unaonekana mkali hata kwenye nyeusi, na unahitaji joto la kweli pamoja na kiyeyushi cha kuusafishia. Kama huna mashine ya joto inayopimika, usiununue bado.

Wengi huku kwetu huchanganya wenyewe: bainda, ambayo ni gundi ya wino wa maji, na pigmenti ya rangi. Pigmenti isipite kama asilimia 10 ya mchanganyiko. Ukiona rangi haikolei, usizidi kumimina pigmenti. Bainda ina uwezo wa kushika kiasi fulani tu, inayozidi itafutika kwenye nguo nyingine siku ya kwanza ya kufua. Kwa nguo ya giza tumia bainda nzito yenye weupe, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Kuchapa

Funga skrini kwenye meza kwa bawaba zinazobana fremu, ili ishuke mahali palepale kila mara. Chini ya fremu bandika kadibodi au sarafu ili meshi ielee milimita 2 hadi 3 juu ya nguo. Meshi iguse fulana pale tu mpira unapopita, kisha ijiinue yenyewe. Nafasi hiyo ndogo ndiyo inayotofautisha ncha safi na ncha zilizotapakaa.

Ubao ulio chini ya fulana upake gundi nyepesi isiyoacha alama, uvalishe fulana, unyooshe kwa kiganja bila kuivuta. Fulana iliyovutwa ikitolewa hurudi, na mduara unakuwa yai.

Skwiji, yaani ule mpira wenye mshikio wa mbao, iwe pana kuliko mchoro kwa sentimita mbili au tatu kila upande, na ncha yake iwe kali isiyo na mabonde. Mimina wino mbele ya mchoro. Ukiwa umeinua skrini kidogo, sukuma wino kwa wepesi uujaze kwenye matundu. Shusha, lalisha mpira kidogo kuelekea kwako, vuta mara moja kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho. Inua. Wanaovuta mara nne wakidhani wanakoleza rangi wanasukuma wino chini ya meshi, na fulana inayofuata inatoka na doa. Mwendo mmoja kwa nguo nyeupe, miwili kwa nyeusi, na ikiwa haitoshi tatizo liko kwenye meshi au wino.

Fulana tatu za kwanza ziwe za majaribio, matambara yoyote ya pamba.

Kwa rangi mbili, weka alama ya msalaba juu na chini ya mchoro kwenye filamu zote mbili, na ulinganishe skrini ya pili kwa alama hizo kabla ya kuziziba kwa utepe. Kwenye kompyuta, fanya rangi nyepesi iingie kidogo, kama nusu milimita, chini ya rangi nzito, ili ule mstari mweupe wa kanga usitokee. Chapa nyepesi kwanza, ikaushe juu juu kwa hewa ya moto, kisha nzito. Fulana isitoke kwenye ubao wake kati ya rangi na rangi.

Kuivisha wino

Hapa ndipo heshima ya fundi inapopotea. Wino ukigusika bila kuchafua kidole umekauka, lakini haujaiva.

Plastisoli nyingi huiva ikifika nyuzi joto 160 hivi, na joto hilo lifike hadi chini ya wino. Kipimajoto cha infraredi, kile kinachoelekezwa bila kugusa nguo, husoma uso tu, kwa hiyo uso ukifika 160 endelea kuipa joto kidogo. Iache ipoe, kisha vuta nguo kwa vidole viwili. Wino ulioiva unavutika na kurudi, usioiva unapasuka na kuonyesha kitambaa.

Wino wa maji una kazi mbili: kwanza maji yote yatoke, ndipo bainda ianze kushikana na pamba. Ukiweka pasi kwenye wino wenye maji, joto lote linaishia kuchemsha maji. Anika fulana kwanza hadi ikauke kabisa. Kisha hiti presi, yaani mashine ya kubania nguo kwa joto, ya nyuzi 150 hadi 160 kwa dakika mbili au tatu, au pasi kavu kwenye kiwango cha pamba, juu ya karatasi ya kuokea, ukiisogeza polepole dakika tatu hadi tano kwa kila eneo. Lebo ya kopo ikisema tofauti, fuata lebo. Kuanika juani peke yake hakutoshi kwa wino wa kawaida, hata jua likiwa la Lodwar. Watakaokuambia kwamba wamefanya hivyo miaka yote waulize kama wameziona fulana zao baada ya kufuliwa mara tano.

Kabla ya kukabidhi mzigo, chagua fulana moja, subiri siku moja, ifue kwa sabuni na maji ya moto, isugue. Ikipita hiyo, nyingine zitapita.

Jezi ni habari tofauti. Nyingi ni za poliesta, na rangi ya poliesta hutoka kwa joto na kupanda ndani ya wino: namba nyeupe kwenye jezi nyekundu inaondoka kwako ikiwa nyeupe na kesho yake ni ya waridi. Tafuta wino wa joto la chini uliotengenezwa kuzuia hali hiyo, au kazi hiyo ikatae.

Kusafisha

Wino uliobaki ukwangue urudi koponi. Wa maji osha skrini mara moja, kabla hata ya kula. Plastisoli ifute kwa matambara na kiyeyushi chake. Petroli iko kila mahali, lakini mvuke wake na hiti presi inayowaka havikai chumba kimoja. Mabaki ya wino yasimwagwe kwenye mtaro.

Ukitaka kutumia meshi tena, paka dawa ya kuondolea emulsheni, ambayo kwa kawaida ni sodiamu metaperiodati, ngoja dakika chache bila kuiacha ikauke, kisha piga maji yenye nguvu. Jiki nayo huondoa baadhi ya emulsheni. Ukiitumia, vaa glavu, fungua madirisha, na usiichanganye kamwe na dawa ya choo au asidi yoyote, kwa kuwa hutoa gesi ya klorini.

Bei

Gharama ya skrini haibadiliki uchape fulana moja au mia. Tuseme kuandaa skrini moja, pamoja na filamu na muda wako, ni shilingi 30,000 za Tanzania. Kwa fulana 5 hiyo ni 6,000 kila moja kabla ya wino. Kwa fulana 100 ni 300. Kwa hiyo mteja wa fulana nne zenye picha ya rangi nane mpeleke kwa mwenye mashine ya kuhamisha picha kwa joto, utaokoa muda wako na pesa yake. Mteja wa fulana 60 zenye rangi moja ni wako.

Andika bei ya skrini mstari wake, na bei ya kuchapa mstari mwingine. Na mwambie mapema mteja alete fulana mbili au tatu za ziada, kwa sababu katika mzigo wa hamsini kuna moja itakayoangukia wino.